Masalu na Kidole Nje ya Kifyatulio

Sijaamini bado, na kutoamini ndiyo kazi yangu. Habari moja huwa naitafutia watu wawili wa kuithibitisha. Ya Masalu nimewapata zaidi ya ishirini, nimemwona mwenyewe ndani ya jeneza, na bado.

Kwa msiomjua: alikuwa msanifu wa kurasa kwenye gazeti letu hapa Mwanza. Miaka tisa meza zetu zimetazamana. Layout yake haikuwahi kukosa deadline. Stori zangu ndizo zilizochelewa, na hakuacha kunisema.

Akitoka kazini alichora wapiganaji wa ule mchezo wa simu wa kushuka na parachuti na kurushiana risasi. Mmoja wao, mdunguaji wa kike, mpiga risasi wa kulenga kwa mbali, Masalu alimvika kitenge, akamlaza juu ya bati la soko la Mwaloni, dagaa wameanikwa chini yake. Watu walipenda. Watu waligombana pia.

Waligombania kidole. Katika michoro yote, kidole cha mdunguaji hakikugusa kifyatulio cha bunduki. Kilinyooka pembeni. Nilimuuliza kwa nini.

"Namchora kabla hajaamua," alisema, akaendelea kupanga ukurasa wa tanzia.

Mhariri wetu wa michezo hakupenda hata kidogo. "Huo mchezo unafundisha watoto kuua, na wewe unaupamba."

"Kaka, wewe si unaandika ndondi?"

Ofisi nzima ilicheka. Mhariri hakucheka.

Lakini aliyemwandama kuliko wote ni akaunti isiyo na picha wala jina la mtu: Fundi wa Vita. Kila mchoro ukiwekwa kwenye ukurasa wa Masalu mtandaoni, dakika chache tu yupo. "Huyu hapigani, anasubiri kupigwa picha ya send-off." "Bunduki ameshika kama mwiko wa ugali." Miaka mitatu hivyo. Masalu alijibu kwa kucheka tu. Nilidhani anajikaza.

Jumatatu asubuhi alianguka nyumbani kwake Mkolani. Daktari alisema mshipa wa damu ulipasuka kichwani. Simu ilikuwa mkononi, imefunguka kwenye maneno ya Fundi wa Vita: "Mistari inatetemeka. Acha kuchora."

Kaka yake, Maduhu, aliyasoma hayo, akaamua.

"Huyu ndiye amemuua mdogo wangu. Siku ya kuanua tanga nafuta ukurasa wote, wasipate pa kumtukania tena."

Michoro ya miaka sita, na sikujua kama kuna nakala nyingine. Nikamwomba anipe muda mpaka siku hiyo.

"Muda wa nini, dada?"

"Wa kumjua huyo mtu."

"Ukimjua, uniite mimi kwanza."

Kwa hiyo msibani nililia kidogo na kuangalia sana. Samahani kwa mliokaa nami chini ya turubai mkadhani nawafariji. Nilikuwa nawachunguza. Nilimshuku mhariri wa michezo. Alinipa simu yake bila kuombwa mara mbili, na mchezo wenyewe haukuwemo. Nilimshuku mwenzetu mmoja kwa sababu tu alilia kwa sauti kubwa mno.

Siku ya kuanua tanga ofisi ilileta mchoro mmoja wa mdunguaji, umechapwa mkubwa kwenye fremu, tukauegemeza ukutani. Akina mama walikuwa wanaosha masufuria. Mmoja wao, Mama Kulwa, muuza dagaa wa Mwaloni, mtu mzima mwenye wajukuu, alisimama mbele ya mchoro mikono ikiwa na povu.

"Na leo tena kidole nje! Mbishi, huyu!"

Nikasogea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, huu mchezo unaucheza?"

"Dagaa wanakauka kwa saa ngapi? Ulitaka nikae nawatazama tu?"

"Fundi wa Vita ni wewe?"

Alifuta mikono kwenye kanga, taratibu, kidole kimoja kimoja. Kisha akatoa simu.

Nilisoma ujumbe wote kati yake na Masalu, nikakagua tarehe na saa mara mbili. Masalu mwenyewe alimtumia kila mchoro aukosoe kabla ya kuuweka hadharani. Alimwita Bosi. Hawakuwahi kuonana, msiba aliujua kwa tangazo tulilobandika kwenye ukurasa.

Jumatatu ile, dakika mbili baada ya "Acha kuchora", Mama Kulwa alimwandikia faraghani, inbox: "Wiki nzima unalalamikia kichwa. Sasa na mkono. Amka uende hospitali, usingoje mtu." Ujumbe huo haukufunguliwa.

Nilimwita Maduhu, kama nilivyoahidi. Aliusoma akiwa amesimama, akamgeukia Mama Kulwa.

"Mbona hili la hospitali hukuliandika kule kule mbele za watu, tukaliona?"

"Ugonjwa wa mtu hautangazwi sokoni, baba."

Maduhu alinivuta pembeni. "Bado simwamini."

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilibakiwa na swali moja, nikamrudia Mama Kulwa: kwa nini hukumpigia simu?

"Namba yake sikuwa nayo. Ningeipata wapi?"

Nilikagua. Hakuwa nayo. Mimi niliyekuwa nayo sikujua hata kama anaumwa kichwa, na nilikaa naye mita mbili kila siku.

Jioni hiyo Maduhu aliweka simu ya mdogo wake mfukoni, hakufuta kitu. Aliondoka kwenda kumsaidia Mama Kulwa kubeba masufuria.

Ukurasa upo, mnaweza kuutembelea. Chini ya mchoro wa mwisho, leo asubuhi, Fundi wa Vita ameandika: "Sawa. Mwache hivyo hivyo."

Masalu, safari hii nimethibitisha, na nimewahi deadline. Lala salama, ndugu yangu. Kidole nje.