Duara Shingoni mwa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, ila kwa kushuku watu angeshapewa cheo polisi. Siku alipoona duara jekundu shingoni, pale anapotundika tepu ya kupimia, hakusema anaumwa. Alisema, "Nimewekewa kitu."

Mtuhumiwa alikuwa mmoja tu: Mama Zipu, mwenzake kwa miaka kumi na moja, anayeshona naye meza moja. Mama Zipu naye alikuwa na duara kama hilo mkononi, na alikuwa anamtazama Shangazi kwa jicho la pembeni. Meza ikapigwa mstari wa chaki. Siku tisa hawasemezani, mimi ndiye tarishi, na wamekaa umbali wa hatua mbili.

"Mwambie huyo mwisho wa mwezi nahama," Shangazi alisema.

"Mwambie mlango hauna kufuli," akajibu huyo.

Paka wao ndiye pekee aliyevuka mpaka. Alilala juu ya vitambaa vya pande zote, sikio limenyonyoka manyoya. Tulidhani kapigana tu huko.

Nikamburuta Shangazi zahanati. Daktari akalikagua duara: ukingo umeinuka, una magamba, katikati kama panapona. Akakwangua magamba kidogo, akayatazama kwa hadubini.

"Unapaka nini?"

"Krimu ya dukani. Mwasho unapungua."

"Mwasho unapungua, duara linapanuka. Hiyo inatuliza ngozi tu, fangasi wanajinenepea. Hii ni choa."

"Nani kaniambukiza?"

"Mnafuga mnyama?"

"Paka," Shangazi akajibu. Yule paka namkumbatia kila siku, na ghafla tumbo likaanza kuniwasha.

"Mpelekeni kwa daktari wa mifugo," daktari alisema. "Na kama kuna mwenzako ana duara, aje. Mtibiwe pamoja, la sivyo mtaambukizana tena."

Tuliporudi, Shangazi alisimama mlangoni ameshika katyubu ka dawa aliyoandikiwa. Halafu akaongea mwenyewe, bila kunituma.

"Ni paka."

"Nani kasema?" Mama Zipu akauliza.

"Daktari. Kaona kwa hadubini."

"Wewe ulichungulia?"

"Sikuchungulia. Njoo kesho uchungulie wewe, nitakupeleka."

Mama Zipu akaitazama ile shingo, akautazama mkono wake, akairudia shingo.

"Saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Ukichelewa hata dakika, najua ni wewe uliyeniwekea."