Nguzo Huvutwa Kwanza

Wachira, fundi wa misingi hapa Kitengela, ananichosha. Haamini kitu; hata chai ninayompikia huinusa kabla ya kuinywa.

Mwezi jana tulikuwa Mashuuru tukijenga msingi wa mnara wa simu. Upepo ukiusukuma mnara, nguzo za msingi upande mmoja huvutwa kutoka ardhini. Injinia Nasro alikuwa amepigilia ya kwanza kwa nyundo ya mashine.

"Mzee, imeshika. Imechukua saa tatu kuingia. Haya mawe ya chokaa huku chini ni mwamba mtupu."

"Ivute," akasema Wachira, bila hata kuiangalia.

Nasro akafunga jeki ya kuivuta kwa hasira. Nguzo ikatoka kama karoti, imejaa unga mweupe. Nyundo ilikuwa imesaga chokaa yote iliyopaswa kuishika.

Wachira akatoboa shimo lingine, akateremsha nguzo nyingine, akajaza saruji ya majimaji ishikane na chokaa pande zote. Ilipokauka, jeki ikavuta mpaka ikalia. Nguzo haikusonga.

"Umeridhika?" Nasro akauliza.

"Vuta tena. Ule mnara ulioanguka Kimuka, nguzo zake nilizipigilia mimi. Nilikuwa na uhakika kama wewe."