Memori ya Mashine ya Bungoma

Kazi yangu ni kuunganisha video za harusi na mazishi. Watu hunitumia picha walizopiga, nami hukaa peke yangu katika chumba changu hapa Kitale, nikikata na kupanga, nikiwasikiliza wakicheka na kulia. Kuna siku inapita nzima bila mtu kuniita kwa jina.

Zamani tulikuwa wawili. Rafiki yangu wa tangu shule ndiye aliyebeba kamera, mimi nikikaa kwenye kompyuta, katika chumba tulichokodi Bungoma. Mambo ya ndani ya mashine yalikuwa yake. Alipopata kazi ya nyumbani Uarabuni aliniachia kompyuta, nami nikahamia nayo Kitale, maana kile chumba kilikuwa kimya kupita kiasi. Kumbe kimya nacho huhama na mtu.

Mwaka huu mashine ikaanza kuganda. Nilikuwa na harusi ya Kachibora. Kila mara bibi harusi akifika mlangoni mwa kanisa, skrini inasimama, mguu wake ukiwa hewani. Nikaambiwa niongeze memori. Nilizima umeme, nikafungua kifuniko, nikachomoa kijibao cha kijani cha memori, nikapiga picha maandishi yake, nikakirudisha. Kesho yake nikaenda Bungoma, kwenye duka tulikonunua mashine.

"Yako ni memori ya aina ya DDR4, spidi 2400," muuzaji akasema, akikuza picha kwenye simu yangu. "Mimi niko na ya 3200 tu. Kuingia itaingia, lakini zote mbili zitakimbia kwa spidi ya ile ya chini."

"Haitaharibu?"

"Haiharibu. Ingekuwa DDR3 ndiyo haingeingia kabisa. Lakini bodi yako, ile kubwa ya ndani, ni gani? Lazima nijue inakubali nini."

Sikujua. Nikampigia rafiki yangu. Akapokea kwa kunong'ona.

"Uko wapi?"

"Bungoma. Kwa yule wa kompyuta."

"Niambie kunakaa aje."

Nikamwambia mvua imetoka kunyesha, bodaboda za Chwele zimejaa barabarani, na chumba chetu sasa ni kinyozi. Akacheka. Muuzaji akanikoholea, nikakumbuka swali lake.

"Hiyo bodi haipiti 2400," rafiki yangu akasema. "Chukua tu, itashuka yenyewe. Ukiiweka, sukuma mpaka usikie vile vibanio vya pande zote vimelia..."

Nyuma yake sauti ya mwanamke ikamwita, simu ikakatika.

Nyumbani niliipachika ile memori mpya, nikawasha. Skrini ikabaki nyeusi, mashine ikilia pi, pi, pi. Nilishika simu nimpigie tena, nikaiweka chini. Yuko kazini kwa watu. Nikazima, nikachomoa, nikasukuma kwa vidole gumba viwili, nikiogopa kuvunja kitu. Kibanio kikalia upande mmoja, kisha wa pili. Nilipowasha, ikasoma gigi kumi na sita, spidi 2400. Nikageuka nimwambie mtu. Kulikuwa na kitanda na ndoo ya maji.

Bibi harusi alitembea mpaka madhabahuni bila kusimama. Mama yake alipokuja kuchukua video, nilikuwa nimechemsha chai ya watu wawili.

"Karibu ukae kidogo, mama."

"Asante sana, mwanangu, lakini wa bodaboda ananingoja."

Nilikuwa nimemtumia rafiki yangu picha ya skrini. Jibu lake lilifika Jumapili: "Umeweza, bana! Sasa huna haja na mimi."

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwishowe nikamwambia feni ya mashine imeanza kupiga kelele, je, nifanye nini? Feni ilikuwa inazunguka vizuri tu. Nikaketi kando ya simu, nikingoja aulize ni kelele ya namna gani.