Ufunguo wa Dereva wa Wagonjwa

Dereva wa gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya, hapa Muleba, hula ndizi na maharage amesimama. Namwona kupitia dirisha la mapokezi ninapofanyia kazi: mkono mmoja kijiko, mwingine ufunguo wa gari, macho kwenye simu ya kituo aliyoilaza juu ya boneti. Gari huliegesha likitazama lango. Ukimsalimia huitika, "Wamepiga?" Mganga mfawidhi alipomlazimisha kwenda likizo, alimkabidhi mwenzake simu, kisha ufunguo, akiuachia kidole kimoja kimoja.

Jumapili iliyofuata mimi na dereva huyo tulikaa benchi moja kanisani. Katikati ya maombi simu ikalia nyuma yetu, mlio uleule wa simu ya kituo. Nilipofumbua macho, alishafika kwa bibi mwenye simu.

"Mjamzito? Yuko wapi?"

"Ni binti yangu, waitu," bibi akanong'ona. "Anauliza mwavuli nimeuweka wapi."

Akarudi, akakaa ukingoni mwa benchi, jasho likimtiririka. Mkononi alikuwa amekamata ufunguo, ameuelekeza mbele kama anayetaka kuwasha gari. Ulikuwa wa kufuli la nyumbani kwake.