Kutoka Matwebe Hadi Kyimo na Simu Iliyofunga

Niliondoka nyumbani Matwebe katikati ya mwezi wa Ramadhani kwa sababu ya jicho la kaka yangu. Kaka Shabani anaishi Tanga. Alibaki huko kwa bibi, baba alipokuja huku na cherehani yake akanichukua mimi niliyekuwa mdogo, na tangu hapo hatujaonana. Jicho lake moja lilikwisha zima, na daktari alimwambia la pili nalo halitakaa sana. Akaniambia kwa simu, "Nataka nikuone uso kabla giza halijaniingia." Kusafiri hatuwezi, sote ni wazee. Binti yangu Zaituni, anayefanya kazi Dar es Salaam, akaninunulia simu kubwa ya kuonana. Ilipofika nikatia laini yangu, ikakataa. Nikaitoa, nikaifuta, nikasoma Bismillahi, nikaitia tena. Ikakataa.

Asubuhi nilipanda bodaboda kwenda Tukuyu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kila tulipofika kwenye mteremko wenye utelezi dereva aliniomba nishuke nitembee. Sikuona vibaya. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai, na migomba ilidondosha maji kama watu waliotoka kutawadha.

Msasani, mjini Tukuyu, nilikwenda kwenye kibanda cha Tusa, mama kijana anayeuza laini na kutengeneza simu. Aliigeuza simu yangu, akaibonyeza, akatikisa kichwa.

"Babu, simu yako imefunga."

"Alhamdulillahi," nikasema. "Na mimi nimefunga. Itafuturu saa ngapi?"

Alicheka mpaka mteja wa jirani akageuka. "Hii haifuturu, babu! Imefunga mwaka mzima. Kampuni iliyoiuza imeifunga ipokee laini zake tu, na laini yako ni ya kampuni nyingine."

"Basi ifungue."

"Wa kuifungua ni wao wenyewe, tena aliyeinunua ndiye aombe. Inaweza kuchukua wiki nyingi. Kuna watakaokuambia wanaiflashi, yaani wanaivunja kufuli kwa kompyuta, hapo hapo, lakini ikifa mikononi mwao, usije ukanililia mimi."

Wiki nyingi sikuwa nazo. Jicho la kaka ndilo lililokuwa likihesabu. Nikamwambia basi anisajilie laini mpya ya kampuni hiyo. Mtandao wake haufiki kwetu Matwebe, lakini ningempigia kaka papo hapo mjini. Tusa akaleta kile kimashine cha alama za vidole. Nikaweka kidole gumba, kikakataa. Nikaweka cha shahada, kikakataa. Alinipa sabuni ninawe, akanifuta kwa kitambaa, tukajaribu vyote kumi.

"Vidole vyako havina mistari, babu. Umeipeleka wapi?"

"Iko kwenye nguo za watu," nikamjibu. Ni kweli. Tangu ujana nimeshika sindano na pasi ya mkaa. Laini yangu ya zamani niliisajili wakati mistari ilikuwa bado ipo.

Laini ya Tusa mwenyewe ilikuwa ya kazi ya kutuma na kupokea fedha, hakuruhusiwa kuitoa. Akaniuliza, "Huna rafiki mwenye laini ya hawa watu, babu, ukaiazima kidogo tu?"

Nikamkumbuka Ambilikile wa Kyimo, mkulima wa ndizi mwenye laini ya kampuni hiyo, ambaye nilimshonea suti ya harusi yake.

Baada ya adhuhuri nilipanda gari la Kyimo. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kuliko gari, kwa kuwa kaka huona pakiwa na mwanga wa jua tu. Jioni kwake kila kitu ni kivuli.

Nilimkuta Ambilikile zizini. "Shehe!" aliita. "Leo umepotea njia?" Nikamweleza. Akaitazama simu yake ndogo, kisha akamtazama ng'ombe wake.

"Huyu anakaribia kuzaa. Nasubiri simu ya daktari wa mifugo."

"Basi tungoje kwanza," nikasema.

Mkewe, Mama Lusekelo, akadakia kutoka jikoni. "Mngoje nini? Ng'ombe amezaa mara ngapi bila simu? Mpe mwenzako laini!"

Ambilikile akacheka, akaitoa laini yake akanipa. Simu yangu ikaipokea bila neno.

Nikampigia kaka. Kwenye kioo akatokea mzee mwenye mvi, amekaa uani juani, mjukuu wake amemshikia simu karibu na jicho. Nikaanza kumsalimu. "Shikamoo kaka, hali yako? Wajukuu—"

"Usiseme," akanikatiza. "Tulia. Nikuangalie."

Nikatulia. Akaniomba nivue kofia. Akaniomba nigeuke upande, kisha upande mwingine. Ambilikile na mkewe walisimama nyuma yangu. Hatukusemezana chochote zaidi, mpaka mtandao ukakatika.

Magharibi Mama Lusekelo alinifuturisha kwa uji na ndizi alizopika na maharage. Nililala hapo, na kabla ya alfajiri nikasikia akiwasha moto ili nipate daku, yeye mama wa kanisani. Nikamwambia, "Ndaga fijo," asante sana kwa lugha yao. Akajibu, "Kula shehe, muda wako unakwisha." Ng'ombe alikuwa bado hajazaa.

Nilirudi Matwebe asubuhi hiyo na simu ikiwa bado imefunga, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo. Njia nzima niliyokwenda nilikuwa nikimwomba Mola aifungue. Nimejifunza kumwomba haja yangu, na njia ya kuitimiza nimwachie Yeye.

Baada ya Idi jicho la kaka lilizima. Alinipigia kwenye simu yangu ndogo ya zamani, nami nikarudia pole ileile mara tatu. Yeye ndiye aliyenituliza.

"Zungumza tu, mdogo wangu," alisema. "Zamani nilikuwa nasikia sauti tupu. Sasa najua inatoka kwenye uso upi."