Bibi Yake Moza na Mtihani wa Jukwaani

Siku yangu ya kwanza kazini, mudira wa skuli ya wasichana huko Ibra, katika nchi ya Waarabu, ndiye mwalimu mkuu, alikishika cheti changu cha uigizaji kwa ncha za vidole, akakisoma juu mpaka chini, kisha akaniuliza, "Yaani umekaa chuo kikuu miaka minne unasomea kujifanya?"

Nikamjibu, "Naam, mudira." Siku ya kwanza hubishani na mkubwa wako.

Akanipa kazi ya kusimamia maikrofoni kwenye foleni ya asubuhi. Ile maikrofoni ilikuwa mbovu, na mimi nikaona huo ndio mlango wangu. Nikamuomba chumba kimoja nifundishe wasichana kusema bila ya mashine. Somo la kwanza la sauti ni pumzi: unalala chali, unaweka kitabu juu ya tumbo, unavuta pumzi mpaka kitabu kinyanyuke. Kikinyanyuka kifua badala ya tumbo, bado hujui kuvuta pumzi. Mudira akafungua mlango akakuta darasa zima limelala kwenye mikeka, vitabu juu ya matumbo, kimya.

"Subhanallah! Wamepatwa na nini?"

"Wanajifunza kusema, mudira."

Wiki ya pili msichana mmoja alisoma khabari za asubuhi bila ya maikrofoni, na mpishi wa chai kule nyuma akatoka kutazama nani anamwita. Tangu hapo mudira hakuniuliza tena habari ya kujifanya.

Nilikaa Ibra miaka mingi. Kisha chuo kikuu kimoja cha Nizwa kikafungua shahada ya tamthilia, ndani yake mkondo wa uigizaji, wakanihamisha kule. Mkuu wa Idara alikuwa bwana mpole, hanyanyui sauti, lakini akikaa kwenye mazoezi wanafunzi wanasahau hata majina yao. Alikuwa na kauli moja: "Ustadha, mchezaji asiyejua anataka nini pale jukwaani, mpe kiti akae." Hilo tunaliita lengo. Mtu haingii jukwaani kusema maneno tu. Anaingia kutaka kitu. Anataka asamehewe, anataka mgeni aondoke, anataka chai. Ukishajua unachotaka, mikono yako haikusumbui.

Mwaka wa kwanza hatukuwapa maneno kabisa. Walitembea, walikaa, walisimama. Wazazi walipiga simu kulalamika: mwanangu analipiwa mafuta ya gari kutoka Sur kila wiki aje kujifunza kukaa? Nikiwaambia, "Naam, na bado hajaweza." Mwaka wa pili ndio kazi ya kuchunguza. Kila mwanafunzi anachagua mtu wa kweli, anamuomba ruhusa, anamtazama mwezi mzima, kisha anakuja kumcheza mbele ya wenzake. Kijana mmoja alimchagua ami yake fundi wa mafriji, na mpaka leo nikimuona fundi anapiga magoti nacheka peke yangu.

Sasa nije kwa Moza. Huyu alikuwa mtoto wa kutoka Dima wa Tayyin, wilaya ya milimani, sauti yake ndogo lakini kichwa chake kikubwa. Alifika mwaka wa mwisho wakati idara yetu ina hali mbaya. Wanafunzi walikuwa wachache, na Mkuu wa Kitivo alishatwambia waziwazi kikaoni: mtahini anakuja kutoka nje kutazama mchezo wa mwisho, asiporidhika, mkondo wa uigizaji unafungwa, na walimu watatafutiwa kazi za ofisini.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kiarabu, unahusu bibi kizee anayekataa kuhama nyumba yake ili barabara ipite. Moza alipewa huyo bibi. Siku ya kwanza ya mazoezi akaja kapinda mgongo, mikono inamtetemeka, sauti kama mlango mbovu.

Nikamuuliza, "Huyu bibi umemuona wapi?"

"Kwenye televisheni, ustadha."

"Kwenu hakuna bibi?"

Akainama. "Yupo. Lakini yeye si hivi. Yeye ana nguvu."

Nikamwambia huyo huyo ndiye tunayemtaka. Ijumaa iliyofuata nikapanda milimani naye, kwa gari ya mume wangu, kwenda kuomba ruhusa. Tulimkuta bibi uani anawagawia mbuzi majani. Nilipomsalimia kwa Kiarabu alinitazama usoni, akasema kwa Kiswahili safi, "Uso huu wa Unguja. Wewe mtoto wa nani?" Kumbe mwenyewe alizaliwa Wete, akaja huku msichana mkubwa, kwenye mji wa babu zake asioujua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mnataka kunicheka mbele za watu."

"Hatukucheki, bibi. Tunataka Moza akucheze kama ulivyo."

Akafikiri, mkono juu ya mgongo wa mbuzi. "Haya. Lakini nami nitakuja kutazama. Akinikosea, nitasema."

Sote tulicheka. Tulidhani anafanya mzaha.

Moza alikaa naye likizo nzima. Aliporudi hakupinda mgongo tena. Alikuwa anainuka kutoka chini kwa namna moja nzuri sana: anauweka mkono chini, anatulia kidogo kama anayesikiliza, ndipo goti linafuata. Mkuu wa Idara alipoiona akasema tu, "Sasa anajua anachotaka." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa. Mtahini alikaa safu ya tatu na daftari lake. Bibi yake Moza alikaa safu ya kwanza, na ukoo mzima nyuma yake. Mimi nilikuwa kawalisi, yaani pembeni nyuma ya pazia, pamoja na mulakini, yule anayeshika kitabu cha mchezo ili amkumbushe mchezaji akisahau maneno.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka afisa wa barabara alipobisha hodi. Hapo Moza alitakiwa ainuke kutoka mkekani. Khofu ikamshika, akaruka wima kama msichana wa miaka ishirini.

Ukumbi mzima ukasikia sauti kutoka safu ya kwanza, kwa Kiswahili: "Moza! Mie siinuki hivyo! Mkono kwanza, goti baadaye!"

Mulakini alifungua kitabu, akakifunga. Kitabuni hamna jibu la neno hilo. Nikamtazama Moza, nikasema moyoni, mwanangu, ukilia sasa tumekwisha.

Moza hakulia. Alijikalia tena mkekani taratibu, kile kizee chake hakijamtoka hata kidogo, akaugeukia ukumbi kama anayemjibu jirani dirishani. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha watoto wetu wa siku hizi, "Ewe bibi jirani, goti yangu inauma."

Bibi hakuchelewa: "Goti *langu linauma*!"

Wallahi ukumbi ulilipuka. Nizwa hapakosi watu wa Unguja na Pemba, nao walicheka, kisha wakawafasiria wenzao, kikaja kicheko cha pili. Moza alingoja. Vicheko vilipokwisha, akasema polepole, "Linauma, bibi. Linauma." Akaweka mkono chini, akatulia, goti likafuata. Akasimama, akamgeukia afisa, akaendelea na Kiarabu chake pale pale alipoachia. Mchezo ukafika mwisho wake.

Baadaye tuliitwa ofisini. Mtahini alikuwa na furaha. "Wazo la kumpandikiza mchezaji ndani ya watazamaji ni zuri sana," akasema. "Nani kalibuni?"

Mkuu wa Idara akanitazama. Nilijua kabisa kwamba nikinyamaza, mambo yamekwisha salama na mkondo umepona. Nilijua pia kwamba mchezaji akitoka nje ya maandishi siku ya mtihani anakatwa alama.

Nikasema, "Hakubuni mtu, daktari. Yule ni bibi yake. Alikuwa anamkosoa kweli."

Mtahini akaliweka daftari chini, akataka Moza aitwe. Akamuuliza, "Mbona hukuendelea tu na mchezo kama hukusikia?"

Moza alikuwa bado ana poda usoni. Akajibu, "Huyu bibi ninayemcheza hawezi kunyamaza mtu mzima akisema naye. Ataona haya."

Mtahini akaandika, akaandika, akafunga daftari. "Endeleeni na kazi," akatwambia, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye ripoti yake, kwa maneno marefu zaidi. Mkondo haukufungwa. Ukumbi mpya pia hatukupata. Viti vilibaki vile vile vinavyolia ukikaa. Bibi naye alimwambia Mkuu wa Idara mlangoni, "Mtoto anajua. Kiswahili ndicho mumrudishe akisome." Mkuu wa Idara akacheka kwa sauti, mara ya kwanza na ya mwisho nilipomsikia anacheka hivyo.

Mwaka uliopita nilistaafu. Wazee wenzangu huniuliza kama shahada ile inampa mtu kazi. Nawajibu kweli: wengine wako redioni, wengine wanafundisha, wengine wako maofisini wanahudumia watu na hawanung'uniki, wawili watatu wanacheza hasa. Wapo pia niliowapoteza kwa ukali wangu. Mmoja nilimwambia mbele ya wenzake kwamba hana sauti. Hakurudi darasani, na neno lile ningelirudisha kama lingerudi.

Na nyinyi mlio wazazi, mtoto akitaka kusomea kazi hii, msindikizeni. Mimi siku ya kwanza ya masomo yangu baba alinipeleka mwenyewe, na wenzake wa barza, anapokaa nao jioni kuzungumza, walikuwa wameshamcheka wiki nzima. Akaningoja garini, kwenye jua, mpaka adhuhuri. Nilipotoka hakuniuliza nimefundishwa nini.

"Umeshasema chochote leo mbele za watu?"

"Bado, baba. Niliona haya."

Akawasha gari. "Haidhuru," akasema. "Utasema kesho. Nitakuleta."