Pimeni Bomba

Mume wangu alikuwa fundi bomba miaka arobaini na moja, na sikumbuki hata siku moja akiamini maji kwa kuyatazama tu. Akiingia nyumba ya watu, salamu haijaitikiwa, kidole chake kimeshazama ndani ya mdomo wa bomba. "Maji hupita," alikuwa akisema. "Uchafu hukaa."

Uzeeni mkojo ukamfunga. Hospitali wakamwekea mpira wa kupitishia mkojo. Siku ile alilia, yeye ambaye nyundo iliwahi kumponda kidole asiseme hata "aa". Kwa hiyo wiki ya tatu nesi alipokuja kuubadilisha, nilimkatalia.

"Mwanangu, hebu utazame. Unang'aa kuliko vikombe vyenu."

Nilikuwa nikiufuta mwenyewe asubuhi na jioni. Kwa usafi sina mshindani, na wodi nzima ilijua.

Siku mbili baadaye homa ikampanda, kitanda kikatetemeka. Wakapima mkojo: safi. Wakapima tena: safi. Mzee akaanza kuniita kwa jina la marehemu dada yake.

Akili ilipomrudia kidogo, akamshika mkono binti wa maabara aliyekuja kuchukua mkojo. "Mwanangu, mnapima maji. Pimeni bomba."

"Babu naye! Hata hapa uko kazini?"

"Sijastaafu."

Binti alicheka, lakini alikwenda kumwambia daktari, na mpira ukatolewa. Nikamfuata binti hadi maabara. Akakata kipande, akakipasua kwa urefu, akakitia rangi ya zambarau, akakisuuza mara tatu. Nje rangi ilitoka yote. Ndani iling'ang'ania.

"Ni vijidudu, bibi. Wamejitandia utelezi wakajificha humo. Dawa inawapita juu, na kwenye mkojo hawaonekani."

Nikakaa juu ya ndoo. Wiki tatu nzima nimempigia mwizi deki kibarazani, naye yumo ndani!

Wakamwekea mpira mpya, wakampa dawa. Siku ya nne akaniita kwa jina langu, akaomba kuona kile kipande. Binti akakileta ndani ya kichupa.

"Nani alikuwa akiusafisha?"

"Mimi."

"Nje?"

"Nje."

Akanitazama weee! "Mke wa fundi bomba!" Akageukia ukutani, mabega yakimtikisika. Ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

Siku ya kuubadilisha tena ilipofika, nesi akaja na mpira mwingine, nilimfungulia mlango mwenyewe. Mzee alilia tena. Niliziba masikio, lakini sikumzuia.